Makadirio ya kosa kwenye interferometria: kwa nini ± ndogo sio lazima iwe nzuri

Makadirio ya kosa ni ile ± inayokaa baada ya namba, basi, ila kwenye interferometria hiyo ± inaumiza kichwa kuliko namba yenyewe. Interferometria ni kuunganisha mwanga wa darubini mbili au zaidi (VLTI kule Paranal, Chile, inaunganisha hadi nne kwa mpigo) mpaka itokee mistari ya mwanga na giza, alafu unapima imekolea kiasi gani. Nyota inayoonekana ndogo mistari yake inakolea, pana inafifia, na hapo ndo unapata kipenyo.

Sasa hewa inachezacheza na vifaa navyo vinafifisha mistari, kwa hiyo unapima pia nyota nyingine ambayo kipenyo chake kinajulikana, ile wanaita nyota ya kalibresheni, unarekebisha kwa hiyo. Programu ikichukulia kila kipimo kinajitegemea itakwambia una vipimo 100, kosa limepungua mara 10. Kwa kelele za fotoni (chembe za mwanga zinafika bila mpangilio, mara nyingi mara chache) ni sawa kabisa. Lakini kama kipenyo cha ile ya kalibresheni kimekosewa kidogo, kosa hilo limeingia kwenye vipimo vyote 100 na limevutia upande uleule, ni kama kupima vitambaa kwa futi iliyokatika ncha, piga wastani hata wa milioni haliondoki. Ndo maana usiku mbili zenye nyota tofauti za kalibresheni zinaweza kutoa vipenyo viwili vya nyota ileile na ± zake hazigusani hata kidogo.

Dawa mojawapo ni butistrapu: programu inachota kwa bahati nasibu kutoka kwenye data ileile, kipimo kimoja kinaweza kurudi mara mbili kingine kikaachwa, inapiga hesabu upya mara elfu hivi, alafu inaangalia majibu yametawanyika vipi. Ila uchote kwa mafungu mazima ya uchunguzi, na kila mzunguko kipenyo cha kalibresheni nacho ukicheze ndani ya ± yake, maana ukichota kimojakimoja uhusiano wa makosa unapotea na unarudi kwenye ± ileile ya kujidanganya.

Makosa kuhusiana hivi yapo hata kwenye pembetatu za fezi (fezi ni mahali mistari ilipokaa, na unajumlisha fezi za jozi tatu za darubini tatu): darubini 4 zinatoa pembetatu 4 lakini zinazojitegemea ni 3 tu, ya nne inatokana na hizo. Fomati ya OIFITS, yaani ya mafaili ya data za interferometria, toleo la 2, la 2017, imeweka jedwali la kuhifadhi uhusiano wa makosa, kwa hiyo programu isiyolijaza sijui inasubiri nini.