Magavana Waliotoka Kambini

Pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe, katikati ya Dar es Salaam, amesimama askari wa shaba. Bunduki iko mikononi, singe imetangulia, uso kauelekeza bandarini. Sanamu hiyo ya Askari ipo tangu 1927 na karibu kila mwenyeji wa jiji anaijua. Wasilolijua wengi ni kwamba mahali hapohapo, kuanzia 1909, palikuwa na sanamu nyingine: ofisa wa Kijerumani juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Ofisa huyo ni Hermann von Wissmann. Waingereza walipoitwaa nchi walimng'oa. Akapelekwa Ujerumani, akasimamishwa tena kwenye chuo kikuu cha Hamburg mwaka 1922, mpaka wanafunzi wa chuo hicho walipomwangusha mwishoni mwa miaka ya 1960.

Sisi tunaoeleza historia kwa wageni wa makumbusho huulizwa mara kwa mara: huyu mtu alikuwa mwanajeshi au mtawala? Alikuwa vyote viwili, wala hakuwa peke yake. Koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilipata magavana saba kati ya 1891 na mwisho wa utawala huo. Wanne kati yao walikuwa maofisa wa jeshi. Maisha yao yanafaa kujulikana, kwa sababu namna walivyotawala inaeleza mambo ambayo babu zetu waliyasimulia bila kuyajua majina ya waliohusika.

Wissmann alizaliwa 1853 na akaingia jeshini kijana. Kabla ya kushika madaraka alikuwa msafiri. Alianzia Luanda, akakata bara zima kwa miguu, akatokea Saadani mwaka 1882. Safari hiyo ikampa jina kubwa kwao. Kwa hiyo pwani ya Mrima ilipowaka moto wa uasi dhidi ya Wajerumani 1888, Abushiri bin Salim akiwa Pangani na Bwana Heri akiwa Saadani, serikali ya Berlin ilimwita yeye. Bunge lilitenga mark milioni 2, naye akaenda Misri kuajiri Wasudani wapatao 600, akaongeza wengine kutoka Msumbiji. Tusisahau hapo: jeshi lililoiteka pwani lilikuwa na Wajerumani wachache mno. Mwezi Mei 1889 kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo ilivunjwa, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa Pangani.

Gavana wa kwanza rasmi, Julius von Soden, alikuwa raia. Hakupenda misafara ya vita kwenda bara, lakini jeshi lilikuwa na maofisa wake wenye hamu ya sifa. Mmoja wao, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, aliongoza kikosi kwenda Uhehe. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walimuua pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Soden akaondoka 1893, na Berlin ikaamua kwamba gavana na kamanda wa jeshi wawe mtu mmoja. Huo ndio uamuzi ambao, kwa maoni yangu, ulizaa mengi yaliyofuata.

Kanali Friedrich von Schele ndiye aliyepewa nafasi hiyo. Oktoba 30, 1894, alikuwa yeye mwenyewe mbele ya kuta za Kalenga, ngome ya Mkwawa, akizipiga kwa mizinga hadi zikabomoka. Fikiria gavana, mtu anayetakiwa kusimamia mahakama, forodha na barabara, yuko mamia ya kilomita kutoka ofisini kwake akiongoza mashambulizi. Alitunukiwa nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Prussia. Mkwawa mwenyewe hakukamatwa. Aliingia msituni akapigana karibu miaka minne zaidi, na Julai 1898 akajiua kwa bunduki kuliko kushikwa. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Wissmann alirudi kama gavana 1895, safari hii bila jeshi mkononi. Amri ya kijeshi alikuwa nayo Lothar von Trotha, yuleyule ambaye mwaka 1904 alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero kule Namibia. Gavana hakukaa hata miaka miwili.

Baada yake Eduard von Liebert alipata vyote, ugavana na ukamanda. Anakumbukwa kwa kodi ya nyumba iliyoanza 1898. Aliyeshindwa kulipa rupia alilipa kwa jasho, na katika wilaya nyingi waliokusanya kodi hiyo walikuwa askari, kwa kuwa mkuu wa boma alikuwa ofisa wa jeshi. Ndipo lilipoenea lile neno ambalo wazee walilitamka kwa uchungu: hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Liebert aliporudi kwao aliingia kwenye siasa akawa mbunge, mpinzani mkali wa chama cha wafanyakazi.

Gustav Adolf von Götzen ndiye ninayetaka kukaa naye zaidi. Alizaliwa 1866 katika ukoo wa makabaila, akawa ofisa wa farasi. Mwaka 1893 alianza safari kutoka Pangani, akapita Rwanda akakutana na Mfalme Rwabugiri, akafika Ziwa Kivu, akatokea upande wa pili wa bara kupitia Kongo. Alikuwa msomi na mtu wa adabu. Alikuwa gavana kuanzia 1901, na chini yake mpango wa mashamba ya pamoja ya pamba uliwalazimisha watu wa kusini mashariki kuacha mashamba yao ya chakula na kulima pamba chini ya macho ya akida na jumbe, kwa malipo ambayo wengine waliyakataa kwa kuona ni dharau.

Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye vilima vya Matumbi, waling'oa mche wa pamba. Kitendo hicho cha wakulima kung'oa mmea kilikuwa na maana wazi kabisa. Gavana wa aina nyingine angeweza kuuliza juu ya pamba. Götzen aliagiza manowari na wanajeshi zaidi. Agosti 4 Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa Mohoro, lakini vita vya Maji Maji vikaenea hadi Ungoni. Mmoja wa maofisa wake aliandika kwamba risasi hazitoshi, njaa ndiyo itakayowashinda watu. Vijiji na maghala ya nafaka vikachomwa, mashamba yakafyekwa. Songea, Februari 27, 1906, viongozi na wapiganaji wa Wangoni walinyongwa kwa makumi; makumbusho ya mji huo huwaenzi mashujaa 67. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamefikia 250,000 hadi 300,000, na wengi wao njaa ndiyo iliyowaua.

Götzen aliondoka 1906, akaandika kitabu kuhusu vita hivyo, akapewa kazi ya ubalozi, akafariki Hamburg 1910. Jina lake lilipewa meli kubwa iliyounganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, wakiwa wameipaka mitambo yake grisi. Waingereza waliiopoa, na 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Ndiyo MV Liemba.

Baada ya maafa hayo Berlin ilituma raia. Albrecht von Rechenberg, aliyewahi kuwa hakimu Tanga na aliyejua Kiswahili, aliona heri mkulima Mwafrika auze mazao yake mwenyewe, na walowezi wakamchukia kwa hilo. Hata hivyo Iringa na Mahenge ziliendelea kuwa mikononi mwa maofisa wa jeshi. Gavana wa mwisho, Heinrich Schnee, naye mwanasheria, alitaka koloni lisiingie kwenye vita ya 1914. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakumsikiliza. Kwa karatasi gavana alikuwa juu. Kwa vitendo aliyekuwa na bunduki ndiye aliyeamua, na wapagazi wasiohesabika wakafia njiani kabla ya Lettow kusalimu amri Novemba 1918. Mwaka 1920 alijiunga na jaribio la kuipindua serikali ya Ujerumani, akafukuzwa jeshini, na baadaye akachaguliwa kuwa mbunge.

Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Halikurudi wakati huo. Lilirudishwa na gavana mwingine aliyetoka jeshini, Edward Twining, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Mwaka 1953 alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akachagua fuvu moja kati ya mengi yaliyohifadhiwa hapo, na 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Adam Sapi alikuwa Spika wa Bunge la Tanganyika kuanzia 1962. Fuvu lipo Kalenga mpaka leo, ndani ya kasha la kioo.