Mto Mkubwa Zaidi wa Barafu Si Lazima Uwe Chaguo Bora

Baadhi ya wakazi wa Mombasa, waliozoea kuziona meli za watalii zikitia nanga Kilindini, wanapopanga safari ya Alaska huamini kwamba inatosha kuchagua meli inayopita kwenye mto mkubwa zaidi wa barafu, yaani barafu nene inayoteremka polepole kutoka milimani. Dhana hiyo si sahihi, na huenda ikamkosesha msafiri kile hasa alichokifuata.

Ni kweli kwamba mto wa barafu wa Hubbard, wenye urefu wa kilomita 120 hivi, ni mkubwa mno. Lakini mabonge ya barafu yanayoelea mbele yake, pamoja na ukungu, huweza kumlazimu nahodha asimame mbali, abiria wakaambulia mstari mweupe tu. Margerie, ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Glacier Bay, ni mdogo zaidi, ila meli huusogelea na kutulia, ukaona kwanza ukuta wa samawati ukimeguka na kutumbukia baharini, kisha ndipo mshindo wake ukufikie kama radi.

Hata hivyo, hifadhi hiyo huruhusu meli kubwa 2 tu kwa siku, hivyo si kila ratiba ya Alaska inaingia humo, na hili naliona ndilo zito kuliko yote. Johns Hopkins, ulio jirani, hufungwa kwa meli za watalii kuanzia Mei hadi Agosti ili sili, wanyama wa baharini, wazae kwa utulivu juu ya barafu. Mendenhall, karibu na Juneau, mji mkuu wa Alaska, haufiki baharini. Hutazamwa kutoka nchi kavu. Kabla ya kulipa, muulize wakala kama meli yako ina kibali cha kuingia hifadhini, na itakaa mbele ya barafu kwa muda gani.