Kabla ya kuchagua dizeli au petroli, niambie pikapu yako itashinda ikifanya nini

Nilichomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili ya injini, nikaifuta kwa kitambaa, nikaichovya tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa karibu upana wa kidole. Nikaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada: nyepesi, haina ute. Nikainusa. Dizeli.

"Umeongeza oili siku za karibuni?" nikamuuliza mwenye gari.

"Hata tone, fundi."

"Na hii taa ya dashibodi imeanza lini?"

"Kama mwezi hivi. Ilikuwa ikiwaka na kuzima, sasa imegoma kuzima."

"Kwa siku unakwenda nalo wapi na wapi?"

"Kazini, kilomita nne. Jioni nawapitia watoto shuleni, tunarudi nyumbani."

"Mzigo?"

"Mzigo gani, fundi? Labda siku tukihama."

Pikapu yenyewe ilikuwa nzima, tena nzuri, na ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili. Aliyemuuzia alimwambia kwamba pikapu ni dizeli, nyingine ni mapambo. Bwana huyu akaongeza pesa nyingi juu ya bei ya ile ya petroli, akaondoka na injini ambayo kazi yake ya kila siku ilikuwa ikiimaliza polepole. Mambo haya yananiuma, kwa sababu swali moja tu kabla ya kununua lingemwokoa.

Kila wiki naulizwa, "Fundi, ninunue dizeli au petroli?" Nami hurudisha swali: kwa siku ya kawaida, injini hiyo itafanya kazi ikiwa na moto kamili kwa muda gani, na itakuwa imebeba nini? Ukinijibu hilo kwa ukweli, mara nyingi jibu lako umeshajipa mwenyewe.

Nieleze sababu, maana bila kujua kinachotokea ndani ya silinda utabaki kuamini maneno ya wauzaji. Injini ya petroli hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta, kisha plagi inatoa cheche. Haiwezi kubana sana, kwa kawaida mara 10 hadi 12, kwa sababu ikizidisha mchanganyiko utalipuka kabla ya wakati wake na kuanza kugonga pistoni. Dizeli haina cheche. Inabana hewa tupu mara 15 hadi 18, na hewa iliyobanwa namna hiyo hupata moto. Kama umewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, shika shina la pampu baada ya kuvuta mara nyingi, utaelewa. Ndani ya dizeli joto hilo hupita nyuzi 500 za Selsiasi, nozeli hupuliza mafuta humo, nayo yanawaka yenyewe. Rudolf Diesel alipoifanyia majaribio injini yake kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, iligeuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, wakati injini za mvuke za siku zile zilikuwa mbali sana nyuma. Dizeli za pikapu za leo, zikiwa kwenye kazi zinayoipenda, hukaribia asilimia 40.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui, nalo lina uzito kwa mtu anayetembea taratibu. Injini ya petroli ina kilango kwenye njia ya hewa. Ukikanyaga pedali ya mafuta kidogo, kilango hufunguka kidogo, na pistoni inahangaika kuvuta hewa kupitia upenyo mdogo kama mtu anayepumua huku amebanwa pua. Nguvu hiyo unailipia wewe. Dizeli huvuta hewa yake kwa uhuru, na pawa hupimwa kwa kiasi cha mafuta yanayopulizwa. Ndiyo maana dizeli ikiwa imesimama inanguruma bila kazi hunywa kidogo mno.

Halafu lita yenyewe ni nzito zaidi. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 830 hivi, ya petroli gramu 745 hivi, na kwa kilo nishati zake zinakaribiana. Kwa hiyo sehemu ya kile mtu anachokiita "dizeli hainywi" ni kwamba katika kila lita amenunua kitu kingi zaidi.

Sasa mzigo. Chukua Toyota Hilux, gari ambalo wengi wanalijua. Ile ya dizeli ya lita 2.8, kwenye toleo la gia otomatiki lenye nguvu, hutoa nyutonimita 500 za nguvu ya kuzungusha kuanzia mizunguko 1,600 kwa dakika hadi 2,800. Ile ya petroli ya lita 2.7 hutoa 245, tena mpaka ufike mizunguko 4,000. Piga hesabu kwenye mizunguko 1,600: dizeli inakupa kilowati 84 hivi. Ya petroli, hata ingeweza kutoa nyutonimita zake zote 245 pale pale chini, ingeishia kwenye kilowati 41. Ukiwa na tela nyuma na mlima mbele, tofauti hiyo unaisikia kwa masikio. Dizeli inapanda kwenye gia ileile, sauti nzito, haina haraka. Petroli inashuka gia, inapiga kelele, inashuka tena, na mshale wa mafuta unaanza kuonekana ukisogea.

Lazima niseme ukweli hapa: sehemu kubwa ya pengo hilo ni turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ile dizeli inayo, ile petroli haina. Ford F-150 ya petroli yenye injini ya V6 (silinda sita) ya lita 3.5 na turbo mbili hutoa nyutonimita 678, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba petroli haina nguvu. Inayo. Tatizo ni kwamba ukiitumikisha kwa mzigo mzito saa nzima, itakunywesha mafuta vibaya sana, kwa sababu kompyuta huongeza petroli zaidi ya inayohitajika ili kupoza vyumba vya kuchomea na turbo. Kwa mtu anayevuta tela mara mbili kwa mwaka, si kitu. Kwa mtu anayevuta kila siku, ni hasara isiyokwisha.

Turbo hiyohiyo ndiyo inayosaidia kwenye nyanda za juu. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya pawa kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, iwe ya dizeli au ya petroli.

Turudi kwa yule bwana wa kilomita nne. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio linakamata masizi, na likianza kujaa linatakiwa lijichome, yaani lifike nyuzi 600 hivi ili masizi yageuke gesi. Kazi hiyo inataka injini iwe imepata moto na gari litembee mfululizo dakika 15, 20, wakati mwingine zaidi. Ili kupata joto hilo, kompyuta kwenye magari mengi hupuliza dizeli ya ziada kwa kuchelewa, ikaungulie kwenye ekzosi. Sasa fikiria: chujio limeanza kujichoma, mwenye gari amefika kazini, amezima. Jioni linaanza upya, amefika nyumbani, amezima. Kila mara dizeli kidogo iliyopulizwa kwa kuchelewa hubaki kwenye kuta za silinda, inateremka kupita ringi za pistoni, inaingia kwenye oili. Siku hadi siku oili inaongezeka na kuwa nyepesi. Mwisho wake beringi zinasagana chuma kwa chuma.

Nilimwaga oili, nikabadilisha chujio la oili, nikalichoma lile chujio la masizi kwa kompyuta gari likiwa limesimama. Nikamwambia, mpaka utakapouza, kila wiki litoe barabara kuu dakika 40 bila kusimama. Aliuza baada ya miezi mitatu, akachukua ya petroli.

Wapo mafundi watakaokwambia dawa ni kukata chujio na kulitupa. Sifanyi kazi hiyo na nakuomba usiifanye. Mwezi Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mimi nimeuvuta moshi huo tangu nikiwa mwanafunzi wa gereji, milango imefungwa wakati wa mvua, injini tatu zinanguruma. Mtoto anayetembea kando ya barabara nyuma ya pikapu yako hakuchagua kuuvuta. Tena nchi nyingi zimepiga marufuku, na gari halitapita ukaguzi.

Jambo linalofuata ni mafuta unayopata, na hapa nataka tukae kidogo. Mifumo ya leo ya dizeli hupuliza mafuta kwa mgandamizo wa bar 2,000 hivi, mingine hupita hapo. Tundu za nozeli zina kipenyo cha karibu sehemu ya kumi ya milimita. Ndani ya pampu, pengo kati ya vyuma viwili vinavyosuguana ni mikroni chache, wakati unywele mmoja wa binadamu una kama 70. Kinachozuia vyuma hivyo visilane ni ule ute wa dizeli yenyewe.

Maji hayana ute huo. Kila fundi anayefungua chujio la dizeli angemimina kilichomo kwenye chupa ya kioo na kumwonyesha mwenye gari. Mimi nafanya hivyo. Unaiacha chupa juu ya meza dakika tano: juu dizeli ya rangi ya majani makavu, chini tabaka la maji, na kati yake utando wa uchafu. Mara ya mwisho maji yalikuwa robo ya chupa. Pampu ya gari hilo ilikuwa imeshachakaa, na vipande vidogo vya chuma vilikuwa vimesafiri hadi kwenye nozeli zote nne. Mfumo mzima ulibadilishwa. Gharama yake ilimeza kila lita ambayo mwenyewe aliiokoa tangu anunue gari.

Kwa hiyo kama unakokwenda mafuta hutoka kwenye mapipa na hakuna anayejua yamekaa huko muda gani, liweke hilo kwenye mizani. Mwaga maji ya chujio mara kwa mara, lala na tenki iliyojaa ili unyevu usigande humo ndani, na badilisha chujio kabla ya muda wake. Uliza pia kuhusu salfa. Injini za dizeli za Euro 5 (kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi) na kuendelea zinataka mafuta yasiyozidi sehemu 10 za salfa kwa milioni. Ukiinywesha mafuta machafu zaidi ya hapo, mitambo ya kusafisha moshi itaanza kulalamika mapema. Petroli ina matatizo yake, lakini nozeli na plagi zake huvumilia mengi zaidi, na zikiharibika bei yake haikulazi macho.

Upande wa akiba watu hujidanganya kwa furaha. Tuseme pikapu ya petroli inakula lita 12 kwa kilomita 100, na mwenzake wa dizeli lita 9. Ukitembea kilomita 10,000 kwa mwaka, umeokoa lita 300. Ukitembea 50,000, umeokoa 1,500. Zigeuze lita hizo kuwa pesa kwa bei ya kwako, kisha chukua tofauti ya bei ya magari mawili uigawe kwa pesa hizo, upate miaka ya kuirudisha. Nimewaona watu wanaohitaji miaka kumi na moja kurudisha tofauti hiyo, na hapo hatujahesabu oili nyingi zaidi, chujio zaidi, na AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi, kwa zile zinazoitumia. Mwenye kilomita 50,000 na mzigo mgongoni anairudisha haraka, na huyo simshauri petroli hata kidogo.

Wewe uliye katikati, unayetembea kilomita 20,000, mjini siku nne na shambani siku mbili? Angalia safari zako fupi. Kama nyingi ni chini ya dakika 15, nenda petroli. Kama injini hupata moto na kukaa nao, dizeli itakutunza. Ila kumbuka injini ya dizeli ni nzito zaidi, na kwenye baadhi ya magari uzito huo hupunguza kilo unazoruhusiwa kubeba. Soma kibandiko cha uzito, usikisie.

Ukishanunua dizeli, kila mtu anayelijaza gari lako mafuta aambiwe. Petroli ikiingia kwenye tenki ya dizeli usigeuze ufunguo hata kwa kusikiliza redio, kwa sababu kwenye magari mengi pampu ya ndani ya tenki huanza kusukuma palepale. Lisukumwe kwa mikono, tenki imwagwe. Nimeokoa magari kadhaa kwa sababu tu dereva alinipigia simu kabla ya kuwasha.

Na kama unanunua iliyotumika, nenda asubuhi ikiwa baridi. Fungua boneti kwanza, shika injini kwa kiganja. Chomoa dipstiki, tazama kimo, nusa. Kisha iwashe wewe mwenyewe, mwenzako akiwa amesimama nyuma kuangalia ekzosi. Dizeli nzima itashika mara moja baada ya taa ya kupasha moto kuzima, itanguruma kwa ukali kidogo, kisha itatulia. Moshi mweupe usiokoma unaochoma macho ni mafuta yasiyoungua: nozeli, plagi za kupashia moto, au kombresheni (mbano wa hewa kwenye silinda) imekwenda. Moshi wa buluu ni oili. Ukifika ukakuta injini ina joto tayari, mwambie muuzaji utarudi kesho, na uwahi zaidi.