Kiungo akigeuka kocha: Ancelotti, Zola na kijana niliyempoteza Ujiji

Mwaka 2016 nilikuwa na kijana wa miaka kumi na tano kwenye timu yangu ya vijana hapa Ujiji, namba kumi halisi, yaani mchezeshaji anayekaa nyuma ya washambuliaji. Alikuwa akipokea mpira huku mgongo wake ukielekea goli la wapinzani, na kabla haujamfikia alishajua nani yuko nyuma yake na amesimama wapi. Mimi nilikuwa nimetoka kozi ya ukocha na kichwa kimejaa 4-4-2: mistari miwili ya watu wannewanne, inapanda pamoja na kushuka pamoja. Katika mfumo huo namba kumi hana kiti. Nikampeleka pembeni kushoto na kumwagiza ashuke na beki wa kulia wa wapinzani kila anapopanda.

Alicheza mechi kama sita, kisha akaacha kuja mazoezini. Mjomba wake ndiye aliyenifuata uwanjani. Tukasalimiana vizuri, halafu akasema, "Mwalimu, usinielewe vibaya. Mtoto anasema akiwa huko pembeni anautazama mpira kama amelipa kiingilio." Baada ya wiki mbili alikuwa anachezea timu nyingine, kule Mwanga, hapa hapa Kigoma.

Leo nataka kueleza safari ya Carlo Ancelotti, kiungo Mwitaliano aliyegeuka kocha, kwa sababu kosa langu lilikuwa kosa lake kabla halijawa langu. Jinsi alivyolirekebisha ndiyo sababu namheshimu kuliko kocha yeyote aliye hai.

Ancelotti alizaliwa Reggiolo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1959. Alianzia Parma, na mwaka 1979 akaenda Roma. Huko kocha wake alikuwa Nils Liedholm, Mswidi ambaye naye alikuwa kiungo mkubwa enzi zake, na pembeni yake alicheza na Mbrazili Falcão. Roma wakachukua ubingwa wa Italia 1983. Magoti ndiyo yaliyomtesa. Goti moja lilimkosesha Kombe la Dunia la 1982, ambalo Italia walilibeba. La pili lilimkosesha fainali ya Kombe la Ulaya la vilabu, ambalo leo ni Ligi ya Mabingwa, ya 1984, ambayo Roma waliicheza kwenye uwanja wao wa nyumbani na kufungwa na Liverpool kwa penalti. Kiungo aliyeumia magoti yote mawili hawezi tena kuwahi kila mpira kwa miguu, inabidi auwahi kwa akili. Nimewaona wengi wa namna hiyo kwenye viwanja vyetu, watu wazima wanaotembea tu katikati huku mpira unawafuata wenyewe.

Arrigo Sacchi alimtaka Milan mwaka 1987 kwa sababu hiyo hiyo. Sacchi alitaka timu nzima, kuanzia beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa kwanza, ikae ndani ya mita kama 25. Kila mtu analinda eneo, mpinzani akiingia katikati anakuta watu wanne wamemzunguka. Mfumo kama huo unahitaji mtu katikati anayewapanga wenzake, na huyo alikuwa Ancelotti. Milan wakachukua Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Kwenye nusu fainali ya 1989 waliifunga Real Madrid 5-0, na bao la kwanza lilikuwa lake, shuti la mbali. Alistaafu 1992, akawa msaidizi wa Sacchi timu ya taifa, na 1994 wakafika fainali ya Kombe la Dunia.

Hapo ndipo mtego ulipo, na viungo wengi wanaogeuka makocha hunasa humo. Kiungo amezoea kuishi ndani ya mfumo. Winga anaweza kucheza mechi nzima bila kujua mabeki wake wamejipangaje, lakini kiungo hawezi. Akikaa kwenye benchi anaupenda ule mfumo uliomlea kama mtu anavyopenda ugali wa nyumbani kwao, na kila mchezaji anayekuja anampima kwa sahani ile ile.

Ancelotti aliipandisha Reggiana hadi Serie A, ligi kuu ya Italia, mwaka 1996, kisha akachukua Parma akiwa na miaka 37. Alimkuta Gianfranco Zola, mmoja wa namba kumi bora kabisa Italia. Mfumo ulikuwa 4-4-2, mbele wapo Hernán Crespo na Enrico Chiesa, basi Zola akapelekwa kiungo wa kushoto. Novemba 1996 Zola akaondoka kwenda Chelsea, na huko wanamkumbuka hadi leo. Kiangazi kilichofuata Roberto Baggio alikuwa karibu kabisa kusaini Parma. Alitaka kucheza nyuma ya washambuliaji. Ancelotti akakataa, kwa sababu nafasi hiyo haikuwapo kwenye mfumo wake. Baggio akaenda Bologna na kufunga mabao 22 ya ligi msimu huo.

Mtu anaweza kumtetea, na mimi mwenyewe nilijitetea hivyo kwa miaka miwili mizima: Parma walimaliza wa pili 1997, pointi mbili tu nyuma ya Juventus. Matokeo mazuri ni mabaya kwa kocha kijana, yanamfunika kosa lake. Hata hivyo baadaye Ancelotti alikiri hadharani kwamba kwa Baggio alikosea.

Mwaka 1999 akaenda Juventus na kumkuta Zinedine Zidane. Safari hii alivunja mfumo: mabeki watatu, viungo wanne, na Zidane huru nyuma ya washambuliaji wawili. Hakupata ubingwa, alimaliza wa pili mara mbili mfululizo. Lakini alikuwa ameshaanza kuipanga timu kwa kumwanzia mchezaji.

Milan alikwenda kufundisha Novemba 2001, na hapa naomba mnivumilie, maana hiki ndicho kipande ninachokifundisha zaidi. Andrea Pirlo alikuwa namba kumi asiye na kasi, Inter walishamwachia aondoke. Miezi michache kabla, akiwa Brescia kwa mkopo, Carlo Mazzone alimrudisha chini kwa sababu namba kumi pale alikuwa Baggio. Ancelotti akalichukua wazo hilo na kulijengea timu.

Fikirieni anachokutana nacho namba kumi. Mpira unamkuta mgongo wake ukielekea goli la wapinzani, kiungo mkabaji yuko shingoni, ana sekunde moja. Mrudishe mita thelathini nyuma, mbele ya mabeki wa kati: sasa uwanja wote uko usoni pake, na walio karibu naye ni washambuliaji wa wapinzani, watu wasiopenda kukaba. Anapata sekunde tatu. Kwa mtu mwenye jicho la Pirlo sekunde tatu ni nyingi mno. Shida ni kwamba hakabi, basi kulia kwake awepo Gattuso, kiungo punda hasa, wa kazi ngumu, anayepora mipira na kumkabidhi. Kushoto awepo Seedorf, mwenye nguvu na mguu mzuri. Mbele yao Rui Costa. Hiyo ndiyo almasi, umbo la viungo wanne. Upana haupo kwa viungo, unaletwa na mabeki wa pembeni, na ndiyo maana Cafu alipofika 2003 mashine ikazidi kulainika.

Mei 2003 wakachukua Ligi ya Mabingwa pale Manchester, kwa penalti dhidi ya Juventus. Mwaka 2005 Istanbul waliongoza 3-0 hadi mapumziko na wakapoteza kwa Liverpool. 2007 wakalipiza kwa Liverpool wale wale, 2-1, Athens.

Anayedhani kiungo ni jambo la wataalamu wa Ulaya tu akumbuke fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania ya Julai 25, 2021, hapa hapa Kigoma kwenye uwanja wa Lake Tanganyika. Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na katikati pakabaki shimo. Dakika ya 79 Simba wakapata bao pekee la mechi kwa kichwa kutokana na kona. Mfungaji alikuwa Taddeo Lwanga, kiungo mkabaji.

Yaliyofuata kwa Ancelotti nitayapitia haraka. Chelsea mataji mawili ya ndani 2010, PSG ubingwa 2013, Real Madrid Ligi ya Mabingwa 2014. Bayern walimpa ubingwa 2017 na wakamfukuza Septemba mwaka huo huo baada ya kipigo cha 3-0 kutoka PSG. Napoli nao wakamwondoa 2019. Akarudi Madrid, akachukua Ligi ya Mabingwa 2022 na 2024, na hakuna kocha mwingine aliyelibeba kombe hilo mara tano. Mwaka 2025 akakabidhiwa Brazil.

Ila tazameni kinachojirudia. Mwaka 2014 Ángel Di María, winga, aligeuzwa kiungo wa kushoto kati ya viungo watatu. 2022 Federico Valverde, kiungo, aliwekwa winga wa kulia, na ndiye aliyempa Vinícius pasi ya bao pekee la fainali. Benzema alipoondoka 2023, Ancelotti alirudi kwenye almasi na kumweka Jude Bellingham kwenye ncha ya juu. Kiungo huyo akafunga mabao 19 ya ligi. Mtu aliyemwambia Baggio kwamba hana nafasi ndiye aliyemtengenezea nafasi Bellingham.

Sasa hivi nina mtoto wa miaka kumi na minne, anatoka Kibirizi, mwembamba, kasi hana. Anapiga pasi ya mita arobaini juu ya uwanja wetu wenye mteremko na upepo wa ziwani bila kutazama mara mbili. Wiki iliyopita nilimweka namba sita, mbele ya mabeki wa kati, na kulia kwake nikampanga yule kijana wangu anayekimbia kuliko wote. Kipindi cha kwanza tulifungwa mawili, yote kupitia kwa yule mtoto wa Kibirizi, kwa sababu kiungo wangu wa kushoto alikuwa mbali mno naye. Msaidizi wangu akanivuta pembeni: "Mwalimu, tumrudishe mbele?" Nikamwambia hapana, msogeze wa kushoto mita kumi chini. Tulipoteza 2-1. Jumamosi tunacheza tena, na mtoto anaanzia pale pale.