Kidakuzi Hukaa Ndani ya Faili, na Faili Hunakiliwa

Wengi wetu hubofya "Kubali vidakuzi vyote" tukidhani tumeridhia kitu kinachoelea huko mtandaoni. Kumbe kidakuzi, yaani taarifa fupi ambayo tovuti huiacha kwenye kifaa chako ili ikukumbuke, ni mstari katika jedwali, na jedwali hilo limo ndani ya faili iliyoko kwenye kompyuta au simu yako mwenyewe.

Kwenye kompyuta, Firefox huvitunza katika faili iitwayo cookies.sqlite, kwenye jedwali moz_cookies. Chrome ina faili yake iitwayo Cookies. Zote mbili ni hifadhidata za SQLite, mfumo mdogo alioubuni D. Richard Hipp mwaka 2000. Kila mstari hubeba jina la tovuti iliyoweka kidakuzi, thamani yake, wakati kilipoundwa, kilipotumika mara ya mwisho na kitakapokwisha muda.

Thamani hiyo kwa macho ya kawaida haisemi kitu. Chukua kidakuzi _ga cha Google Analytics, huduma inayowahesabia wenye tovuti wageni wao, ambacho huweza kuandikwa hivi: GA1.1.482910375.1700000000. Namba ndefu ya kwanza hutolewa kwa nasibu ili kukutofautisha na wageni wengine. Ya mwisho ni hesabu ya sekunde tangu Januari 1, 1970, nayo hutaja ulipofika kwenye tovuti hiyo kwa mara ya kwanza: Novemba 15, 2023, saa saba na dakika 13 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Jina lako halimo, lakini kutokuwamo kwake si kinga. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataja kitambulisho cha mtandaoni miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu.

Chrome husimba thamani kwa njia fiche. Majina ya tovuti na nyakati hubaki wazi. Aliyenakili faili hiyo, hata asipofumbua thamani moja, atajua unatumia benki gani na huingia lini.

Kufuta nako kuna mambo yake. SQLite ikifuta mstari, kwa kawaida huweka tu alama kwamba nafasi ile iko huru. Data yenyewe hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake, au amri ya VACUUM iliunde faili upya. Upo mpangilio uitwao secure_delete unaojaza sifuri mahali pa kilichofutwa, ila anayeamua kuuwasha ni mtengenezaji wa programu. Na nakala rudufu uliyoihifadhi wiki iliyopita haina habari kwamba leo umefuta.

Binafsi, matangazo yanayomfuata mtu hayanitishi sana. Linalonitisha ni programu hasidi zinazoiba faili hizi. Humo mna pia vidakuzi vinavyoiambia seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, kwamba tayari umeingia. Mwizi akivipata anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila nenosiri wala namba ya siri inayotumwa kwa simu. Kuvifuta kwenye kompyuta yako hakumzuii, maana seva bado inavitambua. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti, uondoe vifaa vyote vilivyoingia.

Hali fiche ya kivinjari (Incognito kwenye Chrome) huweka vidakuzi vyake kwenye kumbukumbu ya muda badala ya faili hiyo, na hupotea ukifunga madirisha yake yote. Kwa kompyuta ya kazini au ya kuazima, tumia hiyo. Unayotaka kuiuza, au kumwachia fundi usiyemfahamu, iwe na diski iliyosimbwa tangu mwanzo.