Bata huyu na bata hili

Bata ni ndege wa kufugwa mwenye mdomo bapa, shingo ndefu kuliko ya kuku, na vidole vilivyounganishwa kwa utando. Bata la mtaani, hasa Tanzania, ni starehe ya kutoka na kutumia: chakula, vinywaji, muziki, safari, na watu wa kufurahi nao. Hili la pili huliwa tu, halifugwi. Ndiyo maana tunasema "kula bata".

Maana zote mbili hazimsumbui mtu. Kinachosumbua ni marekebisho yanayofuata kila mtu anapoandika "bata la jana lilikuwa zito". Haipiti dakika anatokea mjuzi: "Bata ni kiumbe hai. Sema bata wa jana alikuwa mzito." Mjuzi huyo amekumbuka kanuni, ila ameipeleka kusikohusika.

Kanuni yenyewe ni kweli. Nomino ya kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa a-/wa- hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Wingi wa bata ni mabata, kama jiwe na mawe, lakini hatusemi "bata limetaga". Tunasema "bata ametaga, mabata wametaga". Sasa angalia jina likihama kutoka kwa kiumbe kwenda kwenye kitu. Ndege ametua juu ya mwembe. Ndege imetua Dodoma. Kanga huyu ana madoadoa meupe; kanga hii ina jina zuri. Kiboko yule yuko mtoni; kiboko kile kiliachwa nyuma ya mlango wa darasa. Hakuna anayekaa uwanjani kuwakosoa abiria wanaosema ndege imechelewa. Jina linapouacha uhai linauacha na upatanisho wake, kisha linarudi kwenye ngeli ambayo umbo lake linaidai. Kwa kuwa wingi wa bata ni mabata, starehe imeangukia kwenye li-/ya-: bata hili, bata la wikendi, bata limekolea. Watu wa mtaani hawakukaa kikao kuamua hivyo. Walifanya kile ambacho Kiswahili hufanya siku zote.

Kipimo kizuri zaidi kiko ndani ya kitenzi. "Tulikula bata" inaweza kuwa mlo au starehe. Ukitia kiambishi cha mtendwa, "tulimla bata", starehe imekwisha, umebaki na mifupa kwenye sahani. Kiambishi -m- kinataka kiumbe, na bata la mtaani halina damu. Vivyo hivyo kwenye urejeshi: "bata tuliyemla" alichinjwa, "bata tulilokula" lililipiwa. Ndiyo maana anayezungumzia chakula, na hataki kueleweka vibaya, husema "nyama ya bata" au "bata wa kuchoma". Mwenye mkahawa anayeandika ubaoni "Leo tunakula bata" bila kuongeza neno asishangae wateja wakiuliza muziki unaanza saa ngapi.

Kwa nini kitenzi ni kula? Hapo hakuna jipya. Kula kwa Kiswahili ni zaidi ya kutafuna. Mtu hula kiapo, hula njama, hula hasara, hula fungate, hula rushwa. Aliyeishi sana amekula chumvi nyingi. Katika safu hiyo kulikuwa na kula raha tangu zamani, na bata amekaa palepale raha ilipokuwa imekaa. Kuku naye alitangulia: anayeishi kwa anasa alishaambiwa anakula kuku kwa mrija kabla wengi hawajazaliwa. Kwa hiyo bata hakuanguka kutoka mbinguni, alipanda juu ya mgongo wa kuku, na mtaa unalijua hilo, maana husema "kula bata mpaka kuku waone wivu". Utani huo haufanyi kazi kwa mtu aliyesahau kwamba bata ni ndege. Maana ya kwanza bado iko hai chini ya ile ya pili, na anayesema bata hili anazijua zote.

Wanaolihusisha neno hili na kampuni ya viatu ya Bata waache. Kampuni hiyo inabeba jina la ukoo wa mwanzilishi wake, Tomáš Baťa, aliyeianzisha na ndugu zake Zlín, mji ulio Ucheki ya leo, mwaka 1894, na jina hilo halina uhusiano na ndege wala na starehe zetu. Bata wetu ni mkopo kutoka Kiarabu, batt, mmoja wao batta. Kuku ni jina la kibantu. Bata ni mgeni wa pwani.

Na kwa kuwa tumefika kwenye majina: bata mzinga si bata. Hana utando vidoleni, si ndege wa majini, na kiukoo yuko karibu na kuku na kanga. Asili yake ni Amerika. Bata bukini naye ana jina la kale la Madagaska, maana Bukini ndicho kisiwa hicho. Kamusi za zamani ziliandika "bata la Bukini" na "bata la mzinga", kwa hiyo hata huyo "la" anayewakera watu leo aliwahi kukaa mbele ya ndege wa kweli, tena bila kelele.

Kuna kosa moja la maana ambalo wajuzi wangelikazania wangekuwa na faida. Si kila mapumziko ni bata. Aliyelala mchana kutwa amepumzika. Aliyekaa barazani na kahawa anabarizi. Bata linataka matumizi yanayoonekana na shahidi wa kuyaona. Ndiyo maana likisemwa kwa kiongozi aliye safarini linageuka lawama bila neno la ziada. Msikilizaji anajua kuna mtu analipa, na anahisi mlipaji ni yeye. Ukiandika "waziri apumzika Zanzibar" umetoa habari. Ukiandika "waziri ala bata Zanzibar" umetoa hukumu, na mhariri anayelipachika neno hili kwenye kichwa cha habari ili aonekane kijana anapaswa kujua alichokifanya.

Kenya neno linaeleweka, kwa sehemu kubwa kupitia Bongo Fleva, lakini wenyeji wana kuponda raha na hawana haja ya kuazima. Huko utasikia pia "bata ya leo", kama ilivyo kwa majina mengi katika mazungumzo ya Nairobi. Hilo nalo halihitaji mwalimu.

Basi ndugu mrekebishaji, ukikutana tena na "bata la jana", liache lilivyo. Bata wa jana ni kiporo.