Utumbo husubiri chakula ili ujijenge: maswali na majibu

Utumbo wa mtu mzima bado unakua?
Haurefuki, ila utando wake wa ndani hujengwa upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli shina, yaani zile zinazozaa seli nyingine, hukaa chini kabisa ya vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo mwembamba. Seli zinazozaliwa nazo hupanda hadi ncha za vijidole vinavyofyonza chakula, kisha hupukutika na kutoka na choo.

Nani huziamuru seli shina zigawanyike?
Majirani zao. Seli za Paneth, zilizobanana nazo humo shimoni, hutoa vichocheo vya ukuaji EGF na Wnt3. Tishu iliyo chini ya utando huongeza Wnt nyingine pamoja na R-spondini, protini inayoipa Wnt nguvu. Wnt3 haiendi mbali, hunata kwenye seli za jirani. Hivyo seli ikipanda kidogo amri hufifia, na huko juu hukutana na BMP, protini inayozuia mgawanyiko. Mpaka huu ni muhimu mno. Jeni ya APC, ambayo huzima amri ya Wnt, ikiharibika, seli hutenda kana kwamba inapokea Wnt muda wote, na kwenye utumbo mpana huota polipu, yaani vinyama vinavyoweza kugeuka saratani.

Mbona utumbo husinyaa kwa mgonjwa anayelishwa kwa mshipa tu?
Kwa sababu hakuna kinachopita ndani yake. Mafuta na wanga vikifika mwishoni mwa utumbo mwembamba, seli L, aina ya seli za utando huo, hutoa homoni ya GLP-2. Homoni hiyo huamsha neva na tishu ya chini, nazo hutoa vichocheo vya ukuaji IGF-1 na KGF palepale, ndipo seli shina huzaana. Dawa ya kuiiga, tedaglutaidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa waliobakiwa na utumbo mfupi: sindano ya miligramu 0.05 kwa kilo ya uzito, kila siku. Mtu mzima hukaguliwa utumbo mpana kwa kamera kabla ya kuianza, maana hukuza polipu pia.

Mtoto anayeharisha apumzishwe kula?
Hapana, tafadhali! Utando uliojeruhiwa ndio unaohitaji chakula zaidi. Mnyonyeshe mara nyingi. Maziwa ya mama yana EGF, hasa dang'a. Aliyeanza kula mpe uji mzito wenye mafuta au karanga zilizosagwa, kidogo kidogo, kwani uji wa majimaji hujaza tumbo bila kumlisha. Changanya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti: maji yakipungua, chumvi huzidi na kumdhuru. Zinki atumie siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma mapema. Akitoa damu, macho yakibonyea au akishindwa kunywa, mpeleke kituo cha afya mara moja.